Kumlipia Mtu Kodi Si Kutwanga Maji

Imani kwamba mpangaji akisaidiwa kodi mwezi huu atarudi kuomba mwezi ujao imeota mizizi mijini, na haina msingi. Wanaoishikilia hudhani deni la kodi ni tabia ya mtu. Mara nyingi ni tukio tu: dereva wa bodaboda kavunjika mguu, kibarua kimesimama, mtoto kalazwa. Mguu huunga na kibarua hurudi, lakini notisi ya mwenye nyumba haisubiri.

Kwa Dar es Salaam hesabu peke yake inatosha. Chumba cha shilingi 50,000 kikidaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyozoeleka, na dalali akachukua ya mwezi mmoja, familia iliyotolewa vyombo nje inahitaji 350,000 ili ipate mlango mwingine, achilia mbali kirikuu cha kuhamisha kitanda. Mpangaji ambaye hajatolewa, na anayejulikana, ana nafasi ya kumbembeleza mwenye nyumba apokee ya miezi miwili kwanza. Hiyo ni laki moja.

Chicago jambo hili lilipimwa. Wakazi waliokaribia kufukuzwa walipiga simu kwenye kituo cha msaada ambacho siku nyingine kilikuwa na fedha, siku nyingine hakina. Bahati ndiyo iliyowatenganisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science ulionyesha kuwa waliopiga siku ya fedha walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 76 wa kuingia katika makazi ya wasio na makao ndani ya miezi sita. Msaada ulikuwa wa mara moja. Mwombaji alitakiwa aeleze dharura yake na aonyeshe kwamba baadaye ataweza kujilipia.

Ni kweli kwamba hata kati ya waliokosa, wengi hawakufika kwenye makazi hayo. Hoja hiyo inadai umakini wa kuchagua nani asaidiwe. Haihalalishi kumnyima kila mtu. Tena nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye kipato cha chini kabisa, walewale wanaoogopwa kuwa watadeka.

Ajabu ni kwamba woga huu wa kudekeza huchagua pa kuingia. Kadi ya mchango wa harusi hupokelewa bila mtu kuuliza kama maharusi watajifunza kujitegemea. Vikoba navyo vina mfuko wa jamii, uliotengwa na fedha za mikopo, na mwanachama aliyefiwa au kuuguliwa huchotewa humo bila kuhojiwa tabia yake. Kodi iliyokwama haimo katika katiba za vikundi vingi. Kuiingiza kunahitaji kipengele kimoja tu: mara moja kwa mwaka, kwa dharura inayojulikana na wanakikundi, fedha ikabidhiwe mwenye nyumba mwenyewe, naye aandike risiti.