"Mbao kavu" ya wapi?

Wadau, hasa sisi tunaouza kaunta za jikoni za mbao mtandaoni, hili neno "mbao kavu" linatuponza. Kavu ya wapi? Hapa Tukuyu mvua karibu mwaka mzima, nguo tu inakaa kambani siku tatu. Mbao ikikaa bandani mpaka ikaacha kupungua uzito, imekauka kwa hewa ya Rungwe. Ukiipakia kwenye basi ikafika Dodoma, inaanza kukauka upya. Inasinyaa kwa upana, urefu haubadiliki sana, na kama fundi kaibana na skrubu kila kona, inapasuka. Mteja hawazi hali ya hewa, anawaza kwamba umemtapeli.

Juzi kati dada mmoja wa Dodoma kanitumia picha ya kaunta aliyonunua kwa muuzaji mwingine, ufa umetoka kwenye sinki mpaka mwisho. Muuzaji kashamblock. Kwa picha ile mbao ilikuwa nzuri tu! Ila hakuna aliyemuuliza mzigo unaenda wapi, wala fundi wa kule hakupewa maelekezo.

Na maelekezo ni meseji moja ya WhatsApp. Kaunta ilale ndani kwa mteja siku kadhaa kabla ya kufungwa, juu ya vijiti, hewa ipite pande zote. Matundu ya skrubu kwenye kabati yachongwe marefu kufuata upana wa mbao, ili ikisinyaa au ikitanuka iteleze. Kuigandisha na gundi kwenye kabati, hapana. Ukutani iachwe nafasi ndogo. Mafuta ya kitani yapakwe hadi chini pasipoonekana, maana ukipaka juu peke yake mbao inapinda. Kwenye ncha na ukingo wa tundu la sinki rudia mara nyingi, hapo ndipo maji yanapoingia haraka. Mteja aendelee kupaka kila akiona maji hayasimami tena kama matone. Vitambaa vya mafuta hayo msivikunje mkavirundika, vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke. (Alizeti waachieni wapishi, inanata na baadaye inanuka.)

Kuna wanaosema ukimweleza mteja yote haya anakimbia. Wengine watakimbia kweli, waende kwenye vigae. Mimi naona afadhali, kwa sababu kaunta ikirudi kutoka Dodoma nauli ya mzigo inamaliza faida, na picha ya ufa ikishapostiwa huwezi kuifuta.

Kwenye tangazo langu naandika aina ya mti, imeingia bandani mwezi gani, na picha ya kipande kilekile kwenye mzani kila wiki. Halafu nauliza: jiko liko mkoa gani, sinki linakaa wapi, nani anafunga? Asiponijibu, sipokei kianzio.