Ubongo Haushibi Vitabu Peke Yake

Kila mwaka mtihani wa taifa unaponusia, jambo moja hutokea hapa shuleni ambalo limekuwa kama sheria isiyoandikwa. Watahiniwa huondolewa uwanjani. Kengele ya michezo ikilia, wenzao hukimbilia mpira, nao hurudishwa madarasani wakamalizie silabasi. Eti wakati wa kucheza umekwisha, sasa ni vitabu tu. Hapo ndipo mimi na wakubwa wangu, kwa heshima na taadhima, tunapoachana njia.

Hebu tuanze na ubongo wenyewe. Ubongo wa binadamu ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia. Tena mlafi huyu hana ghala la maana. Hutegemea sukari na oksijeni zinazoletwa na damu, dakika baada ya dakika. Sasa mtu anayekwepa uji wa asubuhi kwa sababu foleni ni ndefu, kisha akaingia somo la hisabati tumbo tupu, anatarajia nini? Saa nne huyo mbio kantini: mandazi mawili na soda. Sukari hiyo hupanda haraka na kushuka haraka. Kabla ya chakula cha mchana, mwenzetu amelalia dawati, nasi tunamcheka. Mwalimu akiingia anamwita mvivu. Kumbe ni njaa jamani!

Na usiku je? Wapo wanaotia miguu ndani ya beseni la maji baridi ili wasisinzie. Wapo wanaotafuna kahawa kavu kama njugu. Asubuhi macho ni mekundu kama ya mvuta bangi, na yaliyosomwa yameyeyuka, kwani ni usingizini ndipo ubongo hupanga na kuhifadhi tuliyojifunza mchana. Asiyelala ni sawa na mtu anayeteka maji kwa pakacha.

Tuje kwenye mazoezi. Mwaka wa 2011, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kirk Erickson walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wazee 120. Nusu yao walitembea kwa hatua za haraka, dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa muda wa mwaka mmoja. Nusu ya pili walifanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Mwaka ulipokwisha, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo hutusaidia kuweka kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2 hivi kwa wale waliotembea. Kwa wale wengine ilikuwa imepungua. Naam, hao ni wazee, nasi ni vijana. Lakini ikiwa ubongo wa ajuza unaweza kunufaika kwa kutembea tu, kwa nini sisi ambao ubongo wetu ungali unakua tufungiwe darasani? Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka wa 2020 kuwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Halikusema, "isipokuwa watahiniwa."

Lakini ngoja kidogo, msomaji. Sisemi tuamshwe sote alfajiri tukimbizwe kama kuruta. Hilo nalo ni kosa jingine. Kila mtu na mwili wake. Mwenye pumu akikimbizwa katika baridi ya asubuhi anaweza kubanwa na kifua. Mwache atembee jioni jua likiwa bado lina joto. Mwenye selimundu ahitaji maji ya kutosha na mapumziko, asishindanishwe na wanariadha. Asiyependa mpira aruke kamba au acheze densi. Hata kulima shamba la shule ni zoezi, mradi moyo udunde na jasho litoke.

Chakula nacho ni vivyo hivyo. Sisi wasichana hupoteza damu kila mwezi. Ndiyo sababu wataalamu wa lishe wa Marekani hukadiria kuwa msichana wa miaka 14 hadi 18 ahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, hali mvulana wa umri huo ahitaji 11. Chuma kikipungua, damu hupungua, oksijeni haifiki ubongoni inavyopasa, na mwanafunzi huwa mchovu na mwenye mawazo yaliyotawanyika. Chuma kimo katika maharagwe na mboga zetu za majani, lakini wengi wetu huteremshia maharagwe hayo kwa strungi. Chai huzuia mwili usikipate chuma hicho vizuri! Chungwa au pera, kinyume chake, husaidia. Basi chai ingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Hapo hujaongeza hata senti. Na zile omena ambazo wengine huziviringia midomo? Ndani yake mna mafuta ambayo ubongo hujengwa nayo.

Najua mtaniambia, "Binti, wazazi hawakukuleta hapa kucheza, na shule haina pesa za kumpikia kila mtu chake." Kweli kabisa. Lakini siombi hoteli. Naomba mambo matatu. Kwanza, watahiniwa warudishiwe angalau dakika 40 za uwanjani kila jioni, kila mmoja achague zoezi linalomfaa. Pili, muuguzi wa shule awe na daftari la wenye pumu, selimundu, kisukari na upungufu wa damu, na mwalimu wa michezo alisome kabla ya kupuliza kipenga. Tatu, kantini iuze ndizi, machungwa na njugu karanga kando ya mandazi.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msikae mkao wa kula mkingoja afisi. Amka dakika kumi mapema unywe uji. Beba chupa ya maji. Chunguza mwili wako: ni saa ngapi hukuelea masomo vizuri, ni chakula gani hukulaza darasani, ni zoezi gani hukuchangamsha. Hakuna mwalimu awezaye kukujibia hayo.

Wahenga walinena kuwa akili ni mali. Mali hiyo tunaitaka ituzalie alama mwezi wa Novemba, ilhali mwaka mzima tunainyima chakula, hewa na usingizi. Ng'ombe asiyelishwa hakamuliwi maziwa. Walimu wetu wapendwa, wafungulieni watahiniwa lango la uwanja.