Acheni Kuzima Kila Kitu Kwenye Gari



Mavuno yakishauzwa, wengi hununua gari la mtumba kutoka Japani. Siku hizi gari hilo hulia likitoka kwenye mstari, huvuta usukani, hata hufunga breki lenyewe. Ukiuliza gereji, jibu ni moja: "Zima vyote, vinasumbua." Huo ni ushauri mbovu.

Mambo haya hayatukwepi. Subaru walianza na EyeSight mwaka 2008, Toyota wakaleta Toyota Safety Sense mwaka 2015, na tangu Novemba 2021 Japani inalazimisha breki ya kujifunga yenyewe kwenye modeli mpya za magari ya abiria ya huko. Dawa ya shambani tunasoma lebo kwanza. Kwa nini gari la mamilioni tuliendeshe kwa kubahatisha?

Tuvitenganishe.

Breki ya dharura: iache iwake. Kamera yake iko juu kwenye kioo cha mbele, na rada mara nyingi iko nyuma ya nembo ya mbele. Futa matope kila asubuhi, na usibandike stika mbele ya kamera. Ukibadilisha kioo, kamera inatakiwa ipangwe upya. Ukirundika magunia nyuma hadi pua ya gari ikainuka, kamera na rada nazo zinatazama juu.

Mlio wa mstari: hutegemea mistari iliyochorwa barabarani, kwa hiyo kwenye barabara ya vumbi hauna kazi. Kwenye lami, unapokwepa shimo, usukani unaweza kukuvuta. Ushike imara na utumie indiketa. Kero ikizidi, zima huo peke yake.

Kizuia kuteleza: swichi yake ina picha ya gari na mistari iliyopinda. Ukikwama kwenye tope, kizime, maana kinapunguza nguvu ya injini tairi zinapozunguka bure. Ukishatoka, kiwashe. Wengi hukizima siku ya tope na kukisahau, kumbe kwenye kona ya lami yenye mvua ndipo kingewaokoa.

Nanyi mnaosema "gari litasimama lenyewe", acheni. Ng'ombe akikatiza ghafla, au bodaboda isiyo na taa usiku, gari linaweza lisione kabisa. Dereva ni wewe.

Lawama kubwa ni ya wauzaji. Anayepokea fedha yako, akakukabidhi ufunguo na kitabu cha Kijapani bila maelezo, hajamaliza kazi yake. Duka la pembejeo likikuuzia dawa yenye lebo usiyoweza kuisoma, ungelalamika.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa salio, kaa kwenye kiti cha dereva na umwambie muuzaji akuonyeshe kila swichi: inafanya nini, inazimwaje, inawashwaje. Akishindwa, usilipe. Tafuta muuzaji mwingine.