Mwambieni mgonjwa ni kichocho

Majuzi nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja mjini Voi. Mama mmoja aliyetoka Taveta alimleta mwanawe aliyekuwa akikojoa damu. Alipotoka kwa daktari aliniomba nimsomee kadi. Iliandikwa "schistosomiasis". Neno hilo alikuwa ametajiwa mara mbili, naye akaitikia kwa kichwa tu, akiona haya kuuliza.

Neno lenyewe si la kutisha. Ukilikata lina silabi sita: shis-to-so-mai-a-sis. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini hapa Waingereza huuweka kwenye ya tatu, "mai", na ndipo ulimi wetu hukwama. Asili yake ni Kigiriki: "schistos" ni kilichopasuka na "soma" ni mwili, kwa kuwa mnyoo dume huonekana kama aliyepasuliwa kwa urefu. Jina jingine, bilhazia, latokana na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyemgundua mnyoo huyo mjini Cairo mwaka wa 1851.

Lakini mama yule hakuhitaji Kigiriki. Nilipomwambia ni kichocho, alishtuka. "Kumbe! Basi ni ule mfereji anaoogelea kila jioni."

Hiyo ndiyo hoja yangu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo waliokomaa, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Akirudi kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea, ugonjwa nao utarudi. Na akikojoa humo, atawaachia wenzake mayai ya minyoo hao. Mzazi asiyeujua ugonjwa kwa jina atamkanyaje mwanawe? Katika sehemu kama Taveta, penye mifereji ya kunyunyizia mashamba, swali hilo si dogo.

Daktari na aandike neno refu kwenye kadi, kwani mwenzake wa hospitali nyingine atalihitaji. Lakini mdomoni aseme kichocho, na ikibidi amwite muuguzi aeleze kwa Kidawida au Kitaveta. Hilo halichukui hata dakika tano.

Nawe mgonjwa, usiondoke na neno usilolielewa. Mwombe daktari alikate silabi kwa silabi, kisha akupe jina lake la nyumbani. Kuuliza si ujinga, na mficha uchi hazai.