Hesabu ya Safari ya Ndege

Wasomaji wetu wa Thika na Ruiru hupenda kujua umbali uliopo baina ya Nairobi na miji ya Ulaya, na saa zinazotumika kufika huko. Jambo hili haliwahusu wasafiri peke yao. Katika mashamba yaliyo karibu na mto Chania hulimwa maua ya waridi na mishiri ya kuuzwa ng'ambo, na mazao hayo hayawezi kungoja.

Natutazame safari ya Amsterdam, Uholanzi. Kutoka Nairobi, kwa njia iliyo fupi kuliko zote, ni kilometa 6,700 hivi, yaani kama maili 4,150. Ndege isiyotua njiani huchukua saa 8 na dakika kadha wa kadha. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1952, ndege ya Comet iliyotoka London kwenda Johannesburg ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari nzima ikachukua karibu saa 24.

Sasa yafaa karani aangalie sana. Ikiwa cheti kimeandikwa kuwa ndege huondoka Nairobi saa 5 usiku na kufika Amsterdam saa 11 alfajiri, asidhani kwamba safari ni ya saa 6. Kila mji huandikiwa saa zake wenyewe. Wakati wa baridi ya Ulaya, saa za Nairobi huwa mbele ya zile za Amsterdam kwa saa 2. Basi ajumlishe 6 na 2, apate 8. Tangu mwisho wa Machi hata mwisho wa Oktoba tofauti hiyo ni saa 1 tu, kwa kuwa Waholanzi husogeza saa zao mbele.

Mkulima naye anayo hesabu yake. Maisha ya ua hayaanzi kuhesabiwa ndege inapopaa, bali tangu lilipokatwa. Likikatwa asubuhi na mapema, likatiwa mara moja katika maji safi, kisha likawekwa katika chumba cha baridi cha digrii 2 hadi 4, litafika mnada wa Aalsmeer, ulio karibu na uwanja wa ndege wa Amsterdam, likiwa zima. Lakini likiachwa juani likingoja lori, au lori likikwama barabarani kati ya Thika na uwanja wa Nairobi, huharibika kabla ya kupakiwa. Mishiri nayo hunyauka vivyo hivyo.

Kwa hiyo, kila mwenye kupeleka mazao na aandike saa ya kukata, saa ya kutia baridini, saa ya lori kuondoka na saa ya kufika uwanjani. Saa 8 za angani hatuwezi kuzipunguza. Za shambani na za barabarani twaweza.