Mficha Maradhi

KUTOKA BARAZANI
Na Salum Mwinyikombo

Alfajiri moja ya Jumapili, muuza kahawa alipokuwa ndiyo kwanza ametua dele lake na sisi wazee tukijipanga barazani, alitokea kijana mmoja wa mtaani petu, mtoto wa watu tuliyemwona akikua, akaketi pasipo kuamkia, akapewa kikombe, na kikombe kile kikamtetemeka mkononi hata kahawa ikamwagika yote kabla haijafika mdomoni. Upepo wa kusi ulikuwa baridi, ilhali shati lake limemganda mwilini kwa jasho. Taya zilikuwa zikisagana, na mkono wa pili aliukaza kifuani. Alisema moyo unamwenda mbio, na kwamba tangu usiku wa Ijumaa hajalala wala hajala. Mmoja wetu akanong'ona, "Huyo teja, mwacheni."

Hatukumwacha. Tulimtia katika bajaji, nikaenda naye hospitali, na pale alipoulizwa ametumia nini akaapa kwa jina la Mungu kwamba hajatia kinywani ila soda. Maana aliwaogopa polisi, na zaidi ya polisi alimwogopa mama yake. Muda wa thamani ulipotea katika kiapo kile, hata nilipomwinamia sikioni nikamsihi aseme kweli, ndipo alipoitaja kokeini, aliyokuwa akiinusa kete baada ya kete kwa siku mbili huku akiisindikiza na pombe kali. Tabibu hakumkemea. Aliiweka kando sindano aliyokuwa amekwisha kuiandaa akachukua nyingine, maana ziko dawa za kutuliza mapigo ya moyo ambazo humfaa mgonjwa mwingine lakini zaweza kumdhuru mwenye kokeini mwilini.

Msomaji huenda akauliza kwa nini mtu mwenye akili timamu abwie unga usiku kucha na mchana kutwa. Katika ubongo imo kemikali iitwayo dopamini, ambayo Muumba ameijaalia ituletee furaha ya mambo yenye manufaa, na ambayo ikisha kutimiza kazi yake hukusanywa ikarudishwa mahali pake. Kokeini huuziba mlango huo wa marejeo, furaha ikafurika pasipo sababu, na baada ya takriban nusu saa kwa anayeinusa, au dakika chache tu kwa anayeivuta kwa moshi, hutoweka ikaacha unyonge na fadhaa. Mtu hukimbilia kete ya pili kuitafuta raha ya kwanza, asiipate kamili. Hukimbilia ya tatu, ikampa pungufu zaidi. Na hivyo hukesha akiilipa deni ambalo kila malipo huliongeza.

Wakati huo moyo haulewi. Unadunda kwa kasi huku mishipa inayoulisha damu ikijibana, na kwa sababu hiyo kijana asiye na maradhi yoyote ya zamani aweza kupatwa na shambulio la moyo au kiharusi. Akichanganya na pombe, ini hutengeneza sumu ya tatu, kokaethilini, inayodumu mwilini kuliko kokeini yenyewe na kuutesa moyo zaidi. Tena unga ukisha kumalizika huja siku za usingizi mzito, njaa na huzuni, na katika huzuni hiyo wapo wanaowaza kujiua. Kwa hiyo mtu wa namna hii asiachwe peke yake chumbani kwa kudhani kwamba amepumzika.

Je, msaada upo? Upo, lakini kuna dhana moja ya kuiondoa. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikiwapa waathirika wa heroini dawa ya kunywa iitwayo methadoni, na kwa kuwa wengi wao wamerejea kazini na majumbani mwao, sisi wazee tumezoea kuamini kwamba kila teja ana kikombe chake kinachomngoja dirishani. Methadoni ni ya heroini na jamaa zake. Kokeini haijapatiwa dawa kama hiyo. Na kutibu ulevi kwa ulevi kulikwisha kujaribiwa: mwaka 1884, huko Vienna, daktari kijana Sigmund Freud aliisifu kokeini, akampa rafiki yake Ernst von Fleischl-Marxow, aliyekuwa mateka wa mofini, akitumaini kumkomboa, rafiki huyo akawa mtumwa wa mabwana wawili, na mwaka 1891 akafariki dunia.

Tiba ya kokeini, basi, hupita kwa wanadamu wenziwe mgonjwa. Ni mshauri aliyefunzwa, anayekutana naye wiki kwa wiki na kumfundisha kuzitambua saa, njia na sahibu zinazomrudisha kwenye unga; ni nyumba za upataji nafuu, kama zile za Unguja, ambamo waliopona huwaongoza wanaoanza; ni vikundi vya mfano wa Narcotics Anonymous, vilivyoanza California mwaka 1953, ambamo mtu husema kweli mbele ya waliokwisha kuyapitia. Na akianguka tena, asihesabiwe kuwa amepotea, kwani maradhi haya hurudi kama yarudivyo mengine ya kudumu, na mlango wa matibabu hufunguliwa upya.

Lakini milango yote hiyo hufunguliwa kwa ufunguo mmoja, nao ni kusema kweli, na ufunguo huo sisi ndio tunaomnyang'anya kijana kila tunapomwita teja na kumhama kwenda ubao wa pili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutaja hatia ya wale wanaomfanya mgonjwa afiche. Basi ndugu msomaji, ukimwona kijana anatetemeka namna ile, usimuulize amemwaibisha nani. Muulize ametumia nini, lini, na pamoja na nini. Kisha mpeleke hospitali upesi, na majibu yake uyafikishe kwa tabibu kama yalivyo.