Tupande, Tusing'oe

Iko desturi moja katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita ambayo haifai kuinyamazia. Mtu akitaka kupamba ua wake kwa mawe na maua, au akitaka dawa, hupanda kilimani na jembe, akang'oa shubiri mwitu pamoja na mizizi yake. Tukimwuliza, "Mbona huoteshi mbegu?" hutujibu kwa Maandiko, kwamba mbegu ya mpanzi iliyoanguka penye mwamba ilinyauka.

Jibu hilo si la haki. Mfano ule wanena habari za mioyo ya watu, wala si habari za shubiri. Yeye aliyeumba mwamba ndiye aliyeumba na mimea ya mwamba, nayo huota kwa mbegu. Sisi pamoja na watoto wa shule tumejaribu, tukaona.

Matunda yake madogo yakikauka na kuanza kupasuka, kusanya mbegu upesi, kwani ni nyepesi na upepo huzichukua. Twaa chungu kilichotobolewa chini, utie mchanga wa mtoni, changarawe na udongo kidogo. Tawanya mbegu juu yake, uzifunike kwa mchanga haba tu. Usizifukie kama mahindi. Kiweke chungu kivulini, ukisimamishe katika bakuli la maji hata mchanga ulowe, kisha ukiondoe. Baada ya majuma mawili matatu utaona miche. Wengi huiua kwa maji mengi, maana huoza. Maua hukawia miaka mitatu au minne. Shubiri yataka subira.

Tena wang'oaji hawajui jambo hili: shubiri nyingi hazizai mbegu kwa unga wa maua yake zenyewe. Kila mmea wahitaji mwenzake karibu, na ndege mdogo aitwaye chozi wa kuuchukua unga ule. Basi wewe uliyeacha mmea mmoja kilimani ukajisifu kwamba umebakiza mbegu, hukubakiza kitu. Umeuacha tasa.

Wako wasemao, "Serikali itatunza." Je, wamesahau? Mwaka 1986, kazi ya HASHI ilipoanzishwa, sehemu nyingi za Shinyanga zilikuwa tupu kama jangwa. Serikali ilisaidia, lakini miti ilirudi kwa sababu wenyeji wenyewe walitenga ngitili zao na kuzilinda. Kama tuliweza kuyarudisha malisho, twashindwaje kuvihifadhi vilima vya mawe?

Dhahabu ya Geita ikichimbwa haioti tena. Hilo twalijua sote. Ni aibu gani kuchimba kama dhahabu kitu ambacho Mungu amekipa mbegu! Mwaka huu, kila nyumba na ioteshe chungu kimoja, na miche miwili irudishwe mwambani. Aliye na jembe kilimani, na ashuke.